Frateri Karudi na Sanduku Lake, na Maswali Mengine ya Seminari

Kila ifikapo Julai, majira ya upadrisho katika majimbo mengi ya kwetu, simu yangu hujaa maswali ya seminari. Wanaoniuliza wanajua nilipita huko: miaka sita ya seminari ndogo, yaani sekondari ya wavulana wanaotazamia upadre, mmoja wa nyumba ya malezi, yaani maandalizi kabla ya seminari kuu, miwili ya falsafa, kisha nikatoka. Leo nina mke, watoto watatu na vipindi vya dini shuleni. Mimi si msemaji wa askofu yeyote. Ninajibu kama mtu aliyeamshwa na kengele saa kumi na moja kasorobo kwa miaka tisa, na ambaye mpaka leo hushtuka saa hiyo hiyo hata siku ya sikukuu.

Mwanangu amemaliza kidato cha sita shule ya serikali. Anataka upadre, lakini majirani wanasema bila kupita seminari ndogo hapokelewi. Ni kweli? (Mama, Kahama)

Si kweli, mama. Seminari ndogo inasaidia, maana mtoto anazoea sala, ukimya na jembe mapema, lakini hakuna sheria ya Kanisa inayomlazimisha mtu kuipitia. Darasani kwetu tulikuwa na mmoja aliyekuwa mwalimu wa hesabu na mwingine fundi umeme. Kila jenereta ilipogoma tulijua nani wa kumwamsha.

Kijana aanzie kwa paroko wake. Asiende mwenyewe kubisha hodi kwa gombera, yaani mkuu wa seminari, kwa sababu gombera hapokei aliyejileta. Anapokea aliyetumwa na askofu wake au shirika lake. Paroko atamwelekeza kwa mkurugenzi wa miito wa jimbo, na huko kuna semina, barua ya maombi na usaili. Ataombwa cheti cha ubatizo na cha kipaimara, vyeti vya shule, taarifa ya daktari, na barua ya paroko. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kama kijana haonekani kwenye jumuiya wala hajawahi kumsaidia katekista kigangoni, aanze wiki hii, maana paroko hawezi kumshuhudia mtu anayemwona Krismasi na Pasaka tu.

Halafu jiandae na urefu wa safari. Kwanza nyumba ya malezi: mwongozo wa Vatikano wa 2016 unataka isipungue mwaka mmoja wala isizidi miwili. Kisha falsafa, isiyopungua miaka miwili na mara nyingi mitatu, kwa mfano Ntungamo kule Bukoba au Kibosho, Moshi. Kisha teolojia miaka minne, Segerea au Kipalapala. Katikati mara nyingi huwekwa mwaka mmoja wa uchungaji parokiani. Jumlisha mwenyewe: anayeanza akiwa na miaka 20 atakuwa akikaribia 30 siku atakayoadhimisha Misa ya shukrani kijijini. Hata akikimbia vipi, kabla ya kutimiza 25 hapewi upadre bila ruhusa maalumu.

Mama alinizaa kabla ya kuolewa, na baba simjui. Rafiki yangu ameniambia watoto wa nje ya ndoa hawapewi upadre. Nikate tamaa? (Kijana, Sumbawanga)

Rafiki yako anakusomea sheria ya enzi za babu. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilihesabu kuzaliwa nje ya ndoa kuwa kizuizi cha daraja takatifu, yaani ushemasi, upadre na uaskofu, ingawa hata wakati huo ruhusa ya kukiondoa ilitolewa. Sheria ya sasa, ya 1983, imekifuta kabisa. Vizuizi vilivyobaki katika kanuni ya 1041 ni vya mambo aliyoyatenda mtu mwenyewe, kama kuua, kushiriki kutoa mimba au kuasi imani, pamoja na maradhi makubwa ya akili. Hakuna hata kimoja kinachohusu namna ulivyoingia duniani.

Hata hivyo utaulizwa habari za nyumbani. Majimbo mengine huomba hata cheti cha ndoa ya wazazi. Usiogope, na usitunge. Walezi wanataka kujua nani alikulea na umebeba nini kifuani. Nilikuwa na mwenzangu aliyeandika kwenye fomu jina la mjomba wake kama baba yake mzazi. Miaka mitatu baadaye ukweli ulijitokeza kwenye cheti cha ubatizo. Aliondolewa, na waliomwondoa walisema wazi kwamba angeandika ukweli siku ya kwanza wangempokea bila neno.

Shemasi wetu alihudumu miezi saba tu akapadrishwa. Dada yangu aliyeko Marekani anasema shemasi wa parokia yao ana mke na wajukuu, na wala hana mpango wa kuwa padre. Nani kati yetu anadanganywa? (Mwenyekiti wa jumuiya, Mbeya)

Wote mko sawa. Daraja ni lile lile la ushemasi, njia ndizo mbili. Wenu alikuwa shemasi wa mpito, yaani aliye njiani kwenda upadre, na sheria inataka ipite angalau miezi sita kati ya ushemasi na upadre, kwa hiyo saba haikuwa haraka. Wa dada yako ni shemasi wa kudumu.

Zamani za mwanzo mashemasi walikuwa na utumishi wao kamili; mnaukumbuka uteuzi wa Stefano na wenzake sita, Matendo ya Mitume sura ya 6. Baadaye, katika Kanisa la Kilatini, ushemasi ukageuka kuwa ngazi ya kupandia tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, ukaurudisha ule wa kudumu, na Papa Paulo VI akauwekea taratibu mwaka 1967. Mwanamume mwenye ndoa anaweza kuupokea akishatimiza miaka 35, kwa sharti kwamba mkewe amekubali. Mama akisema hapana, askofu hana la kufanya. Na mke akitangulia mbele za haki, shemasi haoi tena. Kwa kifupi, mwenye mke anaweza kupewa ushemasi, lakini aliyekwisha kuwa shemasi haoi.

Hapo kuna jambo ambalo waamini wengi hawalijui. Frateri, yaani kijana anayesomea upadre, anaahidi useja, yaani kutooa, siku ya ushemasi, wala si siku ya upadrisho. Mama yangu mdogo alilijua hilo. Siku ya ushemasi wa mwanawe alilia mpaka kilemba kikalowa. Siku ya upadrisho alicheza ngoma tangu asubuhi mpaka jenereta likazimwa.

Mashemasi wote, wa mpito na wa kudumu, wanabatiza, wanabariki ndoa, wanazika, wanasoma Injili na kuhubiri. Hawaadhimishi Misa, hawaungamishi, hawawapaki wagonjwa mafuta matakatifu. Kwa masomo, shemasi wa kudumu mwenye familia haishi bwenini. Anafuata mpango wa miaka mitatu au zaidi huku akiendelea na kazi yake. Marekani, yenye mashemasi wa kudumu wengi kuliko nchi yoyote, kuna seminari zinazofundisha makundi yote. Mojawapo ni Saint Meinrad, jimbo la Indiana, ya wamonaki Wabenediktini waliofika huko 1854 wakitokea Einsiedeln, Uswisi. Hapo husoma wanaojiandaa kwa upadre, mashemasi wa kudumu na walei, yaani waamini wasio na daraja. Wabenediktini wa tawi jingine, kutoka St. Ottilien, Ujerumani, ndio walioanzisha Peramiho mwaka 1898, kwa hiyo ukoo huo si mgeni kwetu.

Kwa nini kwetu mashemasi wa kudumu ni nadra? Maoni yangu ni kwamba kiti hicho tayari kina mtu: katekista. Nenda kigango chochote ambacho padre hufika mara moja kwa mwezi. Anayeongoza ibada ya Jumapili ni katekista. Anayefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, ni yeye, anayeamshwa usiku kwa mgonjwa ni yeye, anayesimama kaburini na kitabu cha sala ni yeye, kisha anapanda baiskeli isiyo na breki kwenda kigango cha pili. Hakuwekewa mikono na askofu, na posho yake sitaitaja hapa nisije nikamwaibisha mtu. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa lote. Ningependa kuona majimbo yetu yakiitumia hati hiyo kuangalia pia sahani yake.

Frateri aliyekuja likizo anasema mwaka mzima wanasoma Aristotle na Kant. Biblia ataisoma lini? (Mzee, Karagwe)

Shikamoo mzee. Biblia anaisoma kila siku kwenye Misa na Masifu, na ataichimba kwa kina akifika teolojia. Falsafa inatangulia ili ajifunze kufikiri kabla ya kufundisha. Siku moja atakaa kwenye mkeka na baba aliyezika mtoto, aulizwe Mungu alikuwa wapi, na jibu la kukariri litamuumbua hapo hapo. Kabla Mtaguso wa Trento haujaagiza mwaka 1563 kwamba majimbo yawe na seminari, wengi walijifunza upadre kwa kumfuata padre, kama kijana anavyomfuata fundi seremala, na wapo waliosoma Kilatini altareni bila kuelewa walichokisoma.

Mvumilie. Mwaka wa kwanza wote tulikuwa hivyo. Mwaka wa pili mtu anaanza kula bila kutaja Aristotle.

Nani anawalipia ada mafrateri? Na akitoka, familia itadaiwa? (Mkulima, Mbinga)

Seminari kuu za majimbo hubebwa na majimbo yenyewe, pamoja na sadaka za waamini na misaada. Sheria inamtaka askofu ahakikishe seminari inapata mahitaji yake. Kutoka nje, msaada unaojulikana zaidi ni wa Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume. Historia yake inanifurahisha. Lilianza 1889 huko Caen, Ufaransa, kwa mama na binti yake, Stephanie na Jeanne Bigard, baada ya askofu mmoja wa Nagasaki, Japani, kuandika kwamba ana vijana wenye wito lakini hana pesa za kuwasomesha. Walei wawili wa kike, na mpaka leo waseminari wa nchi za misioni wanakula na kusoma kwa kazi waliyoianza.

Familia hubaki na nauli, sabuni, viatu na dharura, na michango ambayo kila jimbo hupanga kivyake, kwa hiyo ulizeni mapema. Seminari ndogo ni habari nyingine: ile ni shule, ina ada, na wazazi wanalipa. Kuhusu deni la anayetoka, miongoni mwa wenzangu wote waliotoka sijaona hata mmoja aliyedaiwa.

Mapadre wana nadhiri ya ufukara. Mbona wetu ana gari? (Hakutaja jina wala mahali)

Padre wa jimbo hana nadhiri ya ufukara. Anaahidi useja na utii kwa askofu wake, na anatakiwa kuishi bila makuu. Wenye nadhiri ya ufukara ni watawa wa mashirika. Na gari hilo huenda ni la parokia. Tazama kadi yake kabla ya kutazama padre.

Mimi ni mwanamke, mwalimu wa sekondari. Natamani kusoma teolojia, si kwa ajili ya daraja, bali nijue ninachokifundisha. Kuna mahali nitapokelewa, au ni mambo ya mafrateri? (Mwalimu, Morogoro)

Dada, umeuliza ukiwa jirani kabisa na jibu. Chuo cha Jordan hapo Morogoro kilikua kutoka katika taasisi ya shirika la Wasalvatoriani ya kuwafundisha waseminari, na leo walei wanaketi darasa moja na mafrateri. Nairobi kuna Tangaza na Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki. Kanuni ya 229 ya Sheria ya Kanisa inasema wazi kwamba walei wana haki ya kusoma elimu takatifu katika vyuo vikuu vya Kanisa na kupata digrii zake. Neno lililotumika ni haki.

Usichanganye tu chuo na nyumba ya malezi. Ratiba ya bwenini, ukimya baada ya sala ya usiku, mazungumzo na baba wa kiroho, hayo ni ya wanaojiandaa kwa daraja. Vipindi vya Maandiko, historia ya Kanisa na maadili vinaweza kuwa vya wote, na vinanoga vikiwa vya wote. Nikiwa falsafa alikuja sista mmoja kusoma nasi kozi ya maadili. Mwalimu alieleza kwa saa nzima wajibu wa mzazi. Sista akanyoosha mkono akauliza: mama asiye na mume, mwenye watoto wanne na kilo mbili za unga, wajibu huo unaanzia kwa mtoto yupi? Mafrateri thelathini tuliinamia madaftari. Mwalimu aliomba ajibu wiki ijayo.

Uliza mapema kuhusu masomo ya jioni au ya likizo, maana najua ratiba ya mwalimu wa sekondari. Na usikubali mtu akuambie huna pa kutumia elimu hiyo. Tangu Januari 2021 hata huduma za usomaji na utumishi wa altare, ambazo rasmi zilikuwa za wanaume, zimefunguliwa kwa wanawake.

Mwanangu alikuwa mwaka wa pili wa teolojia. Mwezi uliopita karudi na sanduku lake, anasema ameacha kwa hiari. Baba yake hamsemeshi. Kanisani wanauliza kafanya nini. Tuwajibu nini? (Mama Frateri, ndivyo walivyozoea kuniita, Iringa)

Mama, barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonichoma ni lile jina ulilotia sahihi.

Mimi nilishuka basi saa kumi jioni na sanduku la bati lililoandikwa jina langu kwa rangi nyeupe, likitanguliwa na «Frt.». Stendi nzima inanijua. Baba alikuja, akalibeba sanduku begani bila kusema kitu, akaliweka ghalani. Kesho yake nilikwenda kuchukua shati nikakuta zile herufi tatu zimekwanguliwa kwa kisu, taratibu, bila kugusa jina. Hakuwahi kulizungumza. Akanipa jembe, tukaenda kupalilia. Mama hakuniuliza lolote kwa wiki tatu, wakati jirani aliuliza kabla sijanywa maji.

Sasa nikujibu. Kwanza, mwanao hajavunja ahadi yoyote. Kabla ya ushemasi hakuna kifungo. Akitaka kuoa, ataoa kanisani kama kijana mwingine, bila ruhusa ya Roma. Angekuwa shemasi, hapo kweli ingekuwa safari ndefu ya barua. Kanisa linajua kwa nini limeweka miaka yote hiyo kabla ya siku ile. Sheria inakataza kumsukuma mtu apokee daraja kwa namna yoyote ile, na kabla ya ushemasi kila mmoja huandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anaomba kwa hiari na uhuru. Mwanao aliitazama karatasi hiyo kwa mbali akaona hawezi kuiandika kwa ukweli. Ningemwogopa zaidi angeiandika kwa kukuonea huruma wewe.

Pili, usimfuate gombera kuchimba sababu. Seminari ina sehemu mbili. Kuna gombera na walezi wenzake, ambao hupima mwenendo na kumshauri askofu. Na kuna baba wa kiroho na muungamishi, ambao hawaruhusiwi hata kuulizwa maoni wakati wa kuamua nani apewe daraja na nani aondoke. Huenda mwanao ameongea jambo hili kwa miaka miwili na mtu ambaye hatakuambia neno. Akitaka kukusimulia, atakusimulia mkiwa mnachambua maharage.

Kwa watu wa kanisani, sema: «Amerudi, mzima wa afya, tunamshukuru Mungu.» Ukiongeza sentensi ya pili utaulizwa ya tatu. Kama ulikuwa umeanza kuchangiwa kwa ajili ya upadrisho, rudisha michango ya watu mapema, hata kwa awamu. Hilo litafunga midomo mingi kuliko maelezo.

Mzee wako mpe kazi ya kufanya pamoja na mwanawe: zizi, paa linalovuja, chochote cha mikono minne. Wanaume wa huku kwetu hatusameheani tukiwa tumekaa.

Na kijana mwenyewe afuatilie vyeti vyake sasa hivi, asingoje aibu ipoe. Kama alihitimu shahada ya falsafa, ni ya kwake, na inaweza kumfungulia ualimu au masomo mengine. Aagane vizuri na walezi wake na askofu, kwa maana akija kutaka kurudi siku moja, hata kwenye shirika au jimbo jingine, kitu cha kwanza kitakachoombwa ni barua yao. Jumapili akae benchi lolote analotaka. Kama paroko ana akili atamwachia mwezi mmoja, kisha atamwomba afundishe kwaya.

Mdogo wangu anaingia nyumba ya malezi mwezi ujao. Orodha aliyopewa tumeshaikamilisha: godoro, shuka, ndoo, jembe, fyekeo. Nataka nimwongezee zawadi yangu. Nimpe nini? (Kaka mkubwa, Musoma)

Tochi nzuri na betri za akiba. Ndala jozi mbili, kwa sababu jozi ya kwanza itapotea bafuni wiki ya kwanza. Daftari gumu la kuandikia mambo yake mwenyewe, na nauli ya kurudi nyumbani, ambayo utamkabidhi mkononi na kumwambia aiweke chini ya sanduku asiitumie kwa kitu kingine. Mimi nilipewa hiyo na dada yangu. Saa ya kuamsha usinunue.